Betri Chini ya Godoro

Tulipomaliza kumzika Mama Njoki na watu wakaanza kupanga foleni ya chakula, binti yake Njoki alinijia akiwa amebeba stuli ndogo ya miguu mitatu, ile ya kukalia jikoni, mbao yake imekuwa nyeusi kwa moshi na kung'aa katikati kwa kukaliwa. "Wambui," akaniambia, "mama alisema hii ipewe Wekesa. Sasa mimi nashindwa, kati ya vitu vyote, stuli?" Nilicheka kwanza, halafu nikalia, sahani ya pilau ikiwa bado mkononi. Njoki alikuwa shule ya bweni mwaka mambo ya stuli hii yalipoanza. Alikua akimwona mamake anatembea na hiyo stuli kwapani kila mahali, kwa chama cha akina mama, kwa majirani, hata akienda kuona mgonjwa, na alidhani ni uzee umekuja mapema. Mama Njoki hakuwahi kumweleza, na sisi hatukuulizwa. Nikaona heri niandike, kwa sababu tuliokuwa kwenye kile chumba siku ile tulikuwa watatu, na sasa tumebaki wawili.

Mimi nafundisha vijana umeme kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Thika, na ukiingia karakana yangu kitu cha kwanza utakachokiona karibu na mlango ni debe la chuma lenye mchanga. Wanafunzi wananiita Madam Mchanga, wakidhani sisikii. Siku hizi kila mmoja ana kitu kinachoruka, droni ya kupiga picha za harusi au ndege ya foomu aliyoiunda mwenyewe, na kila muhula lazima mmoja aje na betri iliyofura mfukoni, mfukoni kabisa, karibu na paja, akiniuliza kama tunaweza kuitoboa kwa sindano itoe hewa. Wuui! Napiga kelele mpaka walimu wa upande wa pili wanachungulia dirishani. Haitobolewi, haikandamizwi, haichajiwi tena. Inatolewa nje ya nyumba, inawekwa kwa mchanga mbali na chochote kinachoshika moto, halafu inapelekwa kwa wale wanaokusanya taka za umeme. Wananiona mkali bila sababu. Hawajui kwamba nikifoka hivyo siwaoni wao, namwona Wekesa akiwa na umri wao, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananicheka.

Mwaka ninaousema nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Juja. Nilikuwa nimepanga Gatongora, kule Ruiru, kwa sababu hosteli za Juja zilinishinda kwa kelele, na mtaani Kahawa Wendani walitaka pesa ambazo sikuwa nazo. Ploti ya Mama Njoki ilikuwa safu mbili za vyumba vya mabati zinazotazamana, uwanja wa saruji katikati, mfereji mmoja wa maji ya bomba, kamba za nguo, na pembeni rundo la mchanga wa mjengo ambalo halikuisha kamwe, maana kila mwaka alikuwa anaongeza chumba. Ukuta kati ya chumba na chumba ulikuwa wa mbao. Ulisikia jirani akikuna nazi, ukasikia mtoto akikohoa, ukasikia watu wakikusengenya na ukalazimika kunyamaza kwa adabu. Siku ya kwanza kukutana na Wekesa nilikuwa naanika nguo, kitu kikapita juu ya kichwa changu kikivuma na kujitupa ndani ya blauzi yangu nyeupe iliyokuwa kwa kamba. Kijana mrefu akatokea mbio nyuma ya kitu chake, rimoti imemning'inia shingoni.

"Pole sana. Ni upepo."

"Upepo umefanya nini? Hii ni nini iko kwa blauzi yangu?"

"Ni ndege."

"Naona ni ndege. Nauliza inafanya nini kwa blauzi yangu."

Akaitoa taratibu, akaikagua bawa moja, akaikagua la pili, na blauzi yangu yenye tope hakuitazama hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua ni mtu wa aina gani. Jioni alikuja na sabuni ya kufulia kama fidia, tukaishia kukaa kwenye kizingiti chake akinieleza jinsi bawa linavyoinuliwa na hewa, na sikurudi kwangu mpaka sufuria yangu ya githeri ikaungua.

Watu wa ploti walisema tunaoana. Wacha waseme. Ukweli ni kwamba nilipenda chumba chake kuliko nilivyompenda yeye, na yeye alipenda ndege zake kuliko mtu yeyote. Chumba kilinuka gundi. Mabawa ya foomu nyeupe, ile inayokuja na friji mpya, yalining'inia darini kwa nyuzi, na ukifungua mlango yote yaligeuka pamoja kukuangalia. Kulikuwa na kitanda, mtungi wa gesi, ndoo, na meza iliyojaa mota ndogo na nyaya. Kiti hakikuwepo, kama ilivyo kwa bachela yeyote. Mgeni anakaa kitandani, mwenye chumba anakaa kwa ndoo, na hakuna anayefikiria mara mbili. Masomo yake ya chuo yalikuwa yamesimama, na mjomba wake wa Bungoma alikuwa akipiga simu kila wikendi akimtaka arudi nyumbani asimamie posho mill, mashine yake ya kusaga unga. Nilikuwa nasikia upande mmoja tu wa hayo mazungumzo kupitia mbao. "Ndiyo mjomba. Nimekusikia mjomba. Nipe muda kidogo mjomba." Kisha sauti ya msasa ukilainisha foomu.

Ndipo ikaja habari ya kahawa. Kulikuwa na shamba kubwa la kahawa ng'ambo ya Thika, na meneja wake alikuwa amesikia kwamba kuna kijana Ruiru anayerusha ndege yenye kamera. Alitaka kuona mimea yake kutoka juu, ajue ni wapi maji hayafiki na wapi ugonjwa umeingia, na kama ingefaa, angemwajiri huyo kijana. Leo hiyo ni kazi ya kawaida, wanafunzi wangu wanaifanya wakitafuna miraa. Wakati ule ilikuwa kitu cha kushangaza. Meneja akasema aje Jumamosi ya wiki fulani, arushe, waone. Wekesa hakulala. Ndege kubwa ilikuwa tayari, ya mabawa mapana kama meza ya kulia, akaibandika kamera chini ya tumbo, na kila alasiri tulienda kuirusha kwenye uwanja ambako kahawa ya zamani ilikuwa imeng'olewa, wenyewe wakingoja kuuza viwanja. Nilimsikia Mama Njoki pale mferejini akiwaambia wanawake, "Huyo kijana yangu akipata hiyo kazi ya kahawa, nachinja. Sisemi kuku. Nasema mbuzi." Wanawake wakapiga vigelegele juu ya mbuzi ambaye hajanunuliwa.

Sasa, ndege ile kubwa ilikuwa na betri moja tu iliyoiweza. Mtu asiyezijua betri hizo asifikirie mawe ya tochi. Ni pakiti laini ya lithiamu, ukubwa wa kipande cha sabuni, haina ganda gumu la kuilinda, na ina nguvu ya kuinua ndege mpaka uipoteze machoni. Wekesa alikuwa anaisumbua. Aliirusha ndege mpaka mota ikaanza kukohoa, akaishusha, na badala ya kuiacha betri ipoe aliichomeka kwa chaji ikiwa bado ya moto, ili turudi uwanjani kabla ya jua kutua. Nilikuwa nasoma umeme, si kemia, lakini hata mimi nilijua kitu kikichoshwa hivyo kitalipiza. Wiki moja kabla ya Jumamosi yenyewe aliitoa kwenye ndege, akaigeuza geuza mkononi. Nikaiona. Tumbo lilikuwa limepanda.

"Wekesa, hiyo kitu imefura."

"Imefura kidogo tu."

"Kidogo ni nini? Izungushe hapo kwa sakafu tuone."

Akailaza kwenye saruji, akaisukuma kwa kidole. Betri nzima hulala tambarare, haiendi popote. Ile ilizunguka kama pia, tukaiangalia wote wawili mpaka ikasimama. Nikamwambia aitupe. Akasema ataitupa, baada ya Jumamosi. Nikamwambia aagize nyingine. Akasema ameshaagiza, inatoka ng'ambo kwa posta, na posta haijui Jumamosi ni nini. Nikamuuliza sasa atafanya nini na hiyo. Akanijibu bila haya, "Nitaipiga pasi."

Aliyesoma bweni ataelewa. Pale kwetu pasi haikuwepo, au ilikuwepo na stima haikuwepo, na suruali ya shule ilipigwa pasi kwa godoro. Unaikunja vizuri, unaiweka kati ya katoni mbili, unailaza chini ya godoro, unalala juu yake. Asubuhi mstari umesimama wima na mwalimu wa zamu hana la kusema. Wekesa alikuwa amepiga pasi hivyo miaka yote ya sekondari, na nguo zake pale Gatongora bado zilipigwa hivyo. Kwa hiyo aliichukua ile betri, akaiweka kati ya vipande viwili vya plaiwudi, akaisukuma katikati kabisa ya kitanda, mahali ambapo mgongo unalala. Huyu hakuwa mjinga, tafadhali. Alikuwa na akili kunishinda. Lakini mtu akiona mlango wa maisha yake umefunguka upenyo, hutia mguu hapo, na haulizi mlango ni wa nini.

Asubuhi alinigongea, ameshikilia betri kwa mikono miwili. "Unaona? Imelala."

"Haijalala. Hiyo gesi haijaenda mahali, umeisukuma tu pembeni. Ndani umefinya vitu ambavyo havifai kugusana."

"Wewe unaongea kama mtu wa bima."

"Na wewe unalala juu ya moto!"

"Nisipolala juu yake nitalala wapi, Wambui? Bungoma, kwa posho mill?" Akakaa kwa ndoo, na sauti ikashuka. "Ni Jumamosi moja tu. Dakika chache. Meneja aone kahawa yake, basi. Halafu hii nitaizika mwenyewe, na maua nitaweka." Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mbao zikapeleka yote kwa majirani. Aliahidi kwamba ataipumzisha nje, kwa karai lenye mchanga, siku zote mbili za mwisho. Na kweli nilimwona akichota mchanga, akalijaza karai, akaliweka kando ya mlango wake. Betri sikuiona ikiingia humo. Alikuwa bado anaipiga pasi, kwa sababu kila alipoiachilia ilivimba upya.

Alhamisi alasiri nilitoka darasani mapema nikapita kwake. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameichaji asubuhi ile, ikajaa, na alipoona imepanda tena akairudisha chini ya godoro, imejaa vile vile. Alinieleza hayo kwa uso wa mtu anayejua atagombezwa. Kabla sijafungua mdomo tukasikia ndala za patapata za Mama Njoki kwenye saruji, na sauti yake ikimtangulia. "Mko? Watoto, mko?" Akaingia na hotipoti ya chapati mkono mmoja, bakuli la ndengu mkono wa pili. Mama Njoki alikuwa mwanamke wa mwili, mzuri, mkubwa, aliyetembea kama mwenye haraka ya kukufurahisha. Akaweka chakula mezani katikati ya nyaya, akajipanguza mikono kwa leso, na akageukia kitanda.

Niliona uso wa Wekesa ukibadilika rangi. "Mama," nikaingilia, "njoo ukae hapa kwa ndoo, kuna hewa poa."

"Ndoo?" Akanitazama juu mpaka chini. "Wambui, mimi nimekuwa mkubwa hivi nikae kwa ndoo?" Akakaa. Kitanda kikalia, godoro likazama katikati kabisa. "Nimekuja kuombea hiyo ndege. Jumamosi si mbali. Fungeni macho."

Utamwambiaje? Nimeulizwa hilo swali na watu wa miji mingine, na wananitazama kama mtu mpumbavu. Mama wa watu, mwenye nyumba, amekuletea chapati, amekaa kitandani pako kama mgeni anavyokaa, tayari amefumba macho na kumwita Mungu, nawe umguse bega umwambie inuka? Kwa ajili ya kitu ambacho pengine hakitafanya lolote? Wekesa alisimama mikono imekunjwa kifuani, macho wazi, ananitazama, mimi namtazama. Na Mama Njoki hakuwa mtu wa sala fupi. Alianza kwa Kiswahili akahamia Kikuyu, akamwomba Mwathani abariki mota na mabawa, amlainishe meneja moyo, anyeshee kahawa, amkumbuke Njoki shuleni kwa hesabu, na kila alipotia mkazo alijitikisa kidogo, na kila alipojitikisa kitanda kililia. Nilikuwa naomba pia, tena kuliko yeye.

Kwanza ikaja harufu. Tamu, kali, ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mama Njoki akafungua jicho moja. "Wambui, unapaka kucha saa ya maombi?" Halafu tukaisikia, fsss, ndefu, kutoka chini yake.

"Mama, inuka!"

"Unaniambia mimi..."

Hakumaliza. Wekesa alimshika mikono yote miwili akamvuta, akamsukuma kwangu, nami nikamtoa mlangoni tukaangukia uwanjani, yeye juu yangu, leso imefunguka. Nilipoinua kichwa chumba kilikuwa kimejaa moshi mweupe, na ndani ya moshi mwali unapiga mluzi. Angeweza kukimbia. Lakini darini kulikuwa na foomu tupu na gundi kwenye mikebe, mtungi wa gesi uko hatua chache, na nyuma ya ukuta wa mbao mtoto wa jirani alikuwa amelala. Aligeuza godoro, akainua zile plaiwudi, plaiwudi ikamponyoka, basi akaikamata betri yenyewe kwa mikono mitupu. Akatoka nayo mbio akaitupa juu ya lile rundo la mchanga. Nililichukua karai lake mlangoni nikamwaga mchanga wote juu, nikachota tena, nikamwaga tena. Ilikuwa inatema moto kupitia mchanga, inanyamaza, inatema tena, na wanawake wanapiga mayowe na kumwagia godoro maji. Kisha ikawa kimya, na moshi kidogo ukawa unatoka kwenye mchanga. Ndipo nikamgeukia Wekesa, na yeye alikuwa ameinua mikono yake mbele ya uso anaitazama, kama vitu alivyoviokota njiani.

Mtu mmoja akaleta dawa ya meno, mwingine unga. Nilipiga kelele hakuna kupaka kitu. Aliyenisikia ni Mama Njoki. Alilibeba lile beseni lake kubwa la kufulia mpaka mferejini, akafungua maji, akamkalisha Wekesa kwenye saruji, akaizamisha mikono yake na kuishikilia humo kwa mikono yake mwenyewe, akibadilisha maji kila yalipopata joto, mpaka gari la kutupeleka zahanati likapatikana. Alikuwa anasema neno moja tu. "Nilikaa. Ngai, mimi nilikaa."

Meneja nilimpigia mimi. Alisikitika sana, alikuwa mtu mwema, akasema kijana apone kwanza ndipo wataongea. Hawakuongea tena. Na kwa majuma yote ambayo mikono ya Wekesa ilikuwa imefungwa bendeji, Mama Njoki alimlisha. Mwanaume mzima wa Kibukusu, urefu wake unagusa mlango, anafunguliwa mdomo na mama wa ploti kila mlo! Alikuwa ananiangalia kwa aibu nami nageuza uso nisicheke. Ugali wa Gatongora aliuona uji, alikuwa ameusema wazi toka siku ya kwanza, basi Mama Njoki akajifunza kusonga ugali mgumu wa kwao, akatokwa jasho, akamkatia matonge na kumtilia mdomoni. Wakati mwingine nilikaa nao nikasikiliza mabishano yale yale.

"Mama, ile betri ilikuwa imeharibika. Ingelipuka ukae ama usikae."

"Lakini nilikaa."

"Nami ningelala juu yake usiku ule. Imejaa chaji. Ungenikuta asubuhi nikiwa nini?"

"Fungua mdomo." Na tonge likaingia, na hoja ikaisha. Alimsikia lakini hakumwamini. Alifikiri anampoza. Kule mferejini aliwaambia wanawake, bila kujua niko ndani nasikiliza, "Nilikalia kazi ya mtoto wa wenyewe. Mwili wangu huu." Nilisikia akijipiga paja. Nililia kule ndani, maana sikuwahi kumsikia akiusema mwili wake vibaya.

Betri mpya ilikuja kwa posta, wakati haikuwa na haraka yoyote. Bendeji zilikuwa zimetoka. Ngozi ilikuwa nyekundu na nyororo, na kidole gumba cha kulia hakikukunjika vizuri tena, na ndege ya rimoti inaendeshwa na vidole gumba. Wekesa alijaribu rimoti kitandani, akaiweka chini, akanipa mimi. Tulienda kwenye uwanja wa kahawa iliyong'olewa. Nilirusha, yeye amesimama nyuma ya bega langu, "Vuta kidogo. Wacha. Usiipiganie, inajua." Ilipanda. Sijawahi kufurahi hivyo, na sijawahi kuhuzunika hivyo, yote kwa wakati mmoja. Nilipogeuka nilimwona Mama Njoki mbali ukingoni mwa shamba, amekuja peke yake kuona, na hakukaa kwenye majani wala kwenye jiwe. Alikuwa ametoka nyumbani na stuli yake ya jikoni, ameiweka chini, amekaa wima, mkono umekinga jua. Tangu siku hiyo sikumwona akikaa kwingine. Aliingia chumbani mwangu nayo, aliingia kwa jirani nayo, na ukimwambia karibu kitandani alisema, "Hapana, niko sawa na yangu." Wekesa aliondoka mwaka ulipoisha. Hakwenda kwa posho mill. Alienda Eldoret, akaanza kibarua cha kufunga sola kwenye paa za watu, na huko ndiko alikobaki. Anashinda na betri kutwa nzima, kubwa kubwa. Ananiambia hakuna hata moja aliyowahi kulala nayo chumba kimoja.

Uwanja ule sasa una nyumba za ghorofa zenye geti na askari. Mimi ndiye niliyebaki karibu, na Mama Njoki alipoanza kuugua nilikuwa napita kwake Ruiru kila nikitoka kazini. Miezi michache kabla hajafa nilimpigia Wekesa nikamwambia aje, asingoje. Alikuja na mkewe, akaingia chumbani akiwa ameinamisha kichwa chini ya mlango kama zamani. Mama Njoki alikuwa amepungua sana, ule mwili wote ulikuwa umekwenda. Alikuwa amelala kwenye kitanda kikubwa na stuli imesimama kando yake ukutani, na Wekesa, bila kufikiri, akaivuta ile stuli akaikalia, magoti yamefika kidevuni. Mama Njoki akanyosha mkono wake.

"Lete hiyo mkono," akasema. Akakishika kile kidole gumba, akakikunja polepole mpaka kilipogoma. "Bado."

"Bado, Mama. Lakini nafunga nati nacho."

"Wewe kijana. Niambie sasa, mimi naenda, usinidanganye. Ni kweli ungelala juu yake?"

"Ningelala, Mama. Nilikuwa nimeshapanga. Naapa mbele ya Wambui."

Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Alifumba macho nikadhani amesinzia. Kisha akasogea, kwa shida, mpaka upande wa ukutani, akapapasa godoro pale alipopaacha wazi.

"Basi toka kwa hiyo stuli. Kaa hapa, mwanangu. Mimi sitalipuka."

Wekesa aliinuka akakaa kitandani, taratibu, kwanza nusu, halafu mzima, na kitanda kikalia. Mama Njoki akacheka, akamshika mkono, akalala. Wekesa hakusogea. Mguu wake ulikufa ganzi, chai ikapoa, mkewe akaja mlangoni akachungulia mara mbili, giza likaingia, na hakuna kati yetu aliyemwambia ainuke.